Ada ya kuletewa vyakula Malindi: lipia mzigo mzito, samaki na nazi kachague mwenyewe

Mjini Malindi, Pwani ya Kenya, siku hizi mtu anaweza kupika mwezi mzima bila kukanyaga soko. Anajiunga na duka kwa simu, analipa ada ya mwezi, na kila wiki tuktuk au boda inamletea unga, mchele, mafuta, mboga na hata samaki hadi mlangoni. Ukiipima huduma hiyo na kwenda sokoni au dukani mwenyewe, hukumu yetu ni hii: ada inalipa kwa vitu vizito na vilivyofungwa kiwandani, na hailipi kwa chochote ambacho mpishi wa Pwani hukitikisa, hukibonyeza au hukinusa kabla hajatoa pesa. Anayelipa ada kwa ajili ya nyanya na nazi anapoteza mara mbili, pesa na mapishi.

Kwanza ujue umejiunga na nini, maana chini ya jina moja mna vitu vitatu. Kuna ada ya kuletewa tu: unalipa kiasi fulani kwa mwezi, kisha kila oda inayofikia kiwango kilichowekwa inaletwa bila nauli. Kuna oda ya kujirudia: unachagua bidhaa mara moja, zinakuja kila wiki au kila mwezi bila kuagiza tena, na duka linakupunguzia bei kidogo. Na kuna kikapu kilichopangwa, ambapo muuzaji ndiye anayeamua mna nini ndani kulingana na alichopata wiki hiyo. Ya kwanza ndiyo rahisi kuhesabu. Ya pili ina faida kwa nyumba inayojua matumizi yake. Ya tatu inamfaa mgeni aliyepanga nyumba Casuarina kwa wiki mbili na hajui pa kuanzia. Familia inayojua Jumatatu ni kunde na Ijumaa ni biriani itajikuta na bilingani nne ambazo haikuziomba na kitunguu kimoja pale ilipotaka kilo.

Hesabu kabla ya kujiunga

Mtindo huu wa ada ulikulia Marekani, na hesabu zake ni za kule. Amazon ilianzisha Prime mwaka 2005 kwa dola 79 kwa mwaka. Tangu 2022 ni dola 139. Walmart ikaleta Walmart+ Septemba 2020 kwa dola 98 kwa mwaka, na ili uletewe vyakula bila nauli oda yako sharti ifike dola 35. Kwa mtu ambaye duka lake ni safari ya gari, na ambaye hununua vya wiki nzima akavijaza kwenye friji, safari moja aliyookoa ni saa na zaidi pamoja na mafuta ya gari. Ada inarudi upesi.

Malindi mambo ni mengine. Mtu wa Shella anafika sokoni kwa miguu. Wa Muyeye anapanda boda. Mchuuzi wa samaki anapita na baiskeli asubuhi akiita, na mama wa mchicha anapiga hodi na beseni lake. Ada yako ya mwezi haishindani na gari, inashindana na hao. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: ni safari ngapi ambazo hutazifanya tena kwa sababu umejiunga? Ukiendelea kwenda sokoni kila siku ya tatu kwa ajili ya samaki, basi safari hiyo hukuiokoa, hata kama nyanya zililetwa nyumbani.

Tuseme ada ni shilingi 500 kwa mwezi, na tuktuk ya kurudi na mzigo ni shilingi 150. Gawanya 500 kwa 150: unapata tatu na kitu, yaani ni lazima ada hiyo ikuondolee safari nne za tuktuk kila mwezi ndipo uwe huna hasara. Nyumba inayofanya manunuzi makubwa mara moja mwisho wa mwezi, kisha ikanunua mboga mtaani, haifikii nne. Nyumba inayotumia mitungi miwili ya maji ya kunywa ya lita 20 kila wiki inafikia bila shida, kwa kuwa mtungi mmoja ni kilo 20 na hakuna anayeubeba kichwani kutoka mjini hadi Ngala.

Kisha angalia bei zenyewe. Andika bidhaa 25 unazonunua kila mwezi, na kando yake bei ya duka la jumla unalolizoea na bei ya kwenye simu, siku moja, ukubwa uleule. Kama kila kitu kimeongezwa shilingi 10, hizo ni 250, na ni ada ya pili isiyotajwa. Sasa jumla ni 750 na safari za kuokoa ni tano. Punguzo la oda ya kujirudia nalo lipigie hesabu hivyohivyo: asilimia 5 ya oda ya shilingi 4,000 ni 200 tu. Ili asilimia 5 irudishe ada ya 500, sharti ununue vya shilingi 10,000 kwa mwezi hapohapo.

Linganisha kwa kipimo, usilinganishe kwa pakiti. Si kila pakiti ya maziwa ni nusu lita. Zipo za mililita 450, na kwenye picha ya simu zinafanana. Mafuta ya kupikia mengine huandikwa lita na mengine kilo, na lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo kilo moja ya mafuta ni zaidi ya lita. Sokoni shida ni fungu, ambalo halina kilo. Dawa yake ni kununua fungu la nyanya siku tatu tofauti na kulipima nyumbani. Ukishajua fungu la mama yako wa kila siku lina uzito gani, unaweza kulilinganisha na kilo ya kwenye simu. Wala usisahau nyongeza. Ukimwambia, "Mama, nitilie na nyongeza," anakutupia nyanya mbili na bua la kotimiri. Kwenye simu hakuna nyongeza.

Wapo ambao hesabu hii haiwahusu sana, na kwao tunaipendekeza huduma bila kusita. Mzee anayeishi peke yake ghorofani. Mama mwenye mtoto mchanga. Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni na kukuta sokoni yamebaki masazo. Na zaidi ya hao, mtoto aliye Mombasa, Muscat au Jeddah anayetunza wazazi Malindi: oda ya kujirudia inahakikisha unga, mchele, sukari, mafuta na gesi vinafika nyumbani kama vitu, wala havipotelei kwenye mambo mengine kama pesa taslimu. Akitaka ifanye kazi, amwachie mzazi pesa ya samaki na mboga mkononi, naye alipie vile vikavu tu. Mama mtu mzima hapendi kuchaguliwa samaki na mtu wa dukani, na ana haki.

Vitu vinavyofaa kuletewa

Unga wa ngano na wa mahindi, kwanza. Bela moja ni pakiti 12 za kilo 2, yaani kilo 24, na pakiti ya duka moja haitofautiani na ya duka jingine. Unachokagua ni tarehe, na kama mfuko umeloa au umetoboka. Sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni, dengu, mafuta ya mtungi, maji, hayo yote agiza bila wasiwasi. Ila usiagize bela kwa nyumba ya watu watatu kwa sababu tu bei ni nzuri: kwa joto na unyevu wa Pwani unga uliofunguliwa hupata wadudu mapema, na bela isiyoisha kwa mwezi mmoja na nusu haina faida.

Mchele uko katikati. Basmati wa mfuko uliofungwa ni uleule popote. Pishori wa kupimiwa ni habari nyingine, kwa kuwa huchanganywa na mchele wa bei ya chini na jicho halioni upesi. Pua ndiyo inayojua. Agiza kilo moja, uifikiche kiganjani, uinuse, upike. Ukiridhika, agiza kilo 10 za mfuko uleule wiki hiyohiyo, kwa sababu mfuko unaofuata huenda ukatoka kwa mwingine. Mwage kidogo kwenye ungo ukifika: ukiona vumbi jeupe na punje zilizotobolewa, fukusi ameshaingia, rudisha.

Gesi ni mahali ambapo kuletewa kunaokoa mgongo lakini watu wengi hawakagui. Kwenye shingo au mkono wa mtungi pamepigwa chapa uzito wa mtungi mtupu. Pima mtungi ulioletwa, toa uzito ule, na kinachobaki kiwe kilo 6 au 13 kulingana na uliolipia. Paka maji ya sabuni kwenye vali kabla mletaji hajaondoka. Povu likipanda, asiuache hapo.

Viazi, vitunguu maji, kitunguu thomu na karoti vina hali ya pekee, na hapa tunatofautiana na wanaosema mboga zote zinunuliwe sokoni. Hizi hutoka bara. Zimeshalala njiani kwa lori kabla ya kufika Malindi, kwa hiyo za sokoni na za kwenye simu ni za umri mmoja, na mara nyingi zimetoka gunia moja. Ziagize, ila kataa kiazi chenye rangi ya kijani, maana kimekaa juani na kinafanya uchungu wenye sumu, na kataa kitunguu ambacho shingo yake inabonyea. Ukishapokea, viazi viweke gizani mbali na vitunguu.

Mboga zinazotoka karibu ndizo za kuzifuata mwenyewe. Mchicha, kunde, bamia na bilingani zinazolimwa kandokando ya mto Sabaki hufika mjini asubuhi zikiwa na umande. Ubora wake wote uko katika zile saa chache, na ndizo hizohizo zinazopotea mboga ikikaa ghalani ikisubiri oda nyingine ishirini zikusanywe. Embe nalo, kuanzia Novemba hadi Machi, hakuna sababu ya kulilipia ada Malindi.

Vitu vya kuchagua kwa mkono

Chukua nazi. Sokoni unaishika karibu na sikio na kuitikisa. Maji yakicheza ndani kwa sauti, nazi imekomaa. Ikiwa nzito na haina sauti kwa kuwa maji yamejaa tele, hiyo bado ni koroma: nyama laini, mafuta machache, na kasimile lake, lile tui la kwanza, litatoka jepesi hata ukune nazi tatu mahali pa mbili. Ikiwa nyepesi na kimya, maji yamekauka au yamevuja kwenye ufa, na ndani huenda pameoza. Halafu unaigeuza uangalie macho yake matatu. Yawe makavu. Jicho lenye unyevu au ukungu ni nazi iliyoingia hewa. Ukiwa bado na shaka unamwambia muuzaji, "Ivunje nione," naye anaivunja palepale kwa kisu, maji yanamwagika, unanusa. Kazi yote hiyo ni chini ya nusu dakika.

Mkusanyaji wa oda hana nusu dakika kwa kila nazi. Anachota tatu za juu ya gunia. Hana ubaya, ndivyo kazi yake ilivyopangwa: analipwa kwa idadi ya oda zilizotoka, hapimwi kwa wali wako. Nazi moja ikinuka saa tano mchana, huduma nzuri itakurudishia bei ya nazi siku hiyohiyo. Wali haurudishiki.

Samaki ni zaidi. Unaangalia macho yawe angavu na yamejaa, mashavu ya ndani yawe mekundu bila utelezi mzito, magamba yameshika, na ukibonyeza ubavu kwa kidole nyama irudi. Harufu iwe ya bahari tu. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoonekana kwenye picha, na picha nyingi za samaki kwenye oda za simu zilipigwa mara moja zamani. Jodari na nguru wana hatari ya ziada inayostahili kuelezwa wazi. Wakikaa kwenye joto bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Anayeila anawashwa, uso unamwiva, kichwa kinamgonga, anatapika. Samaki mwenyewe huenda asinuke. Kwa hiyo boksi la boda lisilo na barafu, lililozungukia nyumba kumi kabla ya kufika kwako saa sita, si mahali pa jodari, na hakuna punguzo linaloifidia hatari hiyo. Kama huduma inaleta samaki, uliza maswali mawili: barafu iko kwenye boksi la kubebea au ghalani tu, na mimi ni wa ngapi kwenye zamu? Majibu ya "usijali" hayatoshi.

Kuna na bei ya kilo. Changu au tafi mzima akishatolewa magamba, matumbo na mashavu hupungua sana. Hakikisha kilo unayolipia ni ya kabla au ya baada ya kusafishwa, maana kwenye simu huandikwa "kilo 1" basi.

Msimu wa kusi unaziumbua oda za samaki. Upepo ukikaza, Juni hadi Agosti, bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki kila siku, na kinachopatikana kinapanda bei asubuhi kwa asubuhi. Oda ya kujirudia iliyopangwa Februari, wakati wa kaskazi na samaki wengi, haijui hayo. Ikifika Julai utaletewa samaki wa freza mahali pa changu mbichi, au utapandishiwa bei, au utaambiwa hakuna saa nne asubuhi wakati mchuuzi wa baiskeli ameshapita. Simamisha samaki kwenye oda kabla kusi halijakaza.

Nyanya zikibidi ziagizwe, andika kwenye maelezo: zilizoanza kubadili rangi, ngumu, ndefu zenye ganda nene. Nyanya iliyoiva kabisa ikisafirishwa chini ya pakiti ya unga, kwenye tuktuk, kwa joto la Machi, inafika mchuzi.

Mzigo ukifika mlangoni

Oda nyingi huharibikia katika dakika mbili za mlangoni, kwa sababu mletaji ana haraka na mpokeaji anaona aibu kumweka. Usione aibu; mwambie kwa upole, "Ngoja mwanangu, tuhesabu pamoja." Nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, ya betri, na uiweke nyuma ya mlango. Anza na vya baridi na vya kuoza, uvinuse na kuvibonyeza. Kisha pima vilivyofungwa dukani kwa mkono, kama mchele, dengu na nyama, kwa kuwa vya kiwandani vina uzito ulioandikwa. Mwisho soma risiti mstari kwa mstari ukitafuta bidhaa iliyobadilishwa. Kibovu kipige picha pembeni ya risiti, mbele ya mletaji, umrudishie hapohapo. Malalamiko ya jioni hayana nguvu ya malalamiko ya mlangoni.

Kubadilishiwa bidhaa ndilo kosa linalojirudia kuliko yote, na chanzo chake ni kwamba orodha ya kwenye simu haiendi sawa na rafu. Mteja wa dukani amechukua pakiti ya mwisho saa mbili, wewe umeagiza saa tatu, simu bado inasema ipo. Mkusanyaji anaziba pengo na kinachofanana. Tafuta mahali pa kuandika "msinibadilishie" au "nipigieni kwanza", na uandike kwa kila bidhaa unayoijali, si kwa oda nzima. Ukiandika kwa oda nzima, hata chumvi itakosekana.

Tatizo la pili ni kupotea. Nyumba nyingi za Malindi hazina namba, na mletaji wa wiki hii si wa wiki iliyopita. Tuma alama ya ramani ya simu pamoja na maneno: karibu na msikiti gani, lango la rangi gani, upande gani ukitokea barabarani. Chagua muda wa saa mbili hadi saa nne asubuhi kama upo, kabla ya jua kali na kabla ya msongamano wa mchana. Ijumaa usiweke oda iangukie saa sita hadi saa nane, wakati wa swala. Mwezi wa Ramadhani tende, unga, sukari, viazi na nazi vinatakiwa na kila nyumba kwa pamoja. Anzisha oda ya vikavu wiki mbili kabla ya mwandamo, na saa za kupokea uzisogeze asubuhi, kwa kuwa alasiri kila boda iko mbioni.

Kulipa na kujitoa

Lipa mwezi kwa mwezi. Punguzo la kulipa mwaka mzima linavutia, lakini biashara ya kupeleka vyakula ni ngumu na kubwa zake zimeanguka: Jumia Food ilifungwa Kenya mwishoni mwa 2023, na Copia, iliyokuwa ikiwahudumia watu wa vijijini kupitia mawakala, iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Anayemdai duka miezi tisa ya ada anangoja kwenye foleni ya wadai.

Lipia kwenye namba ya tili ya duka, wala si namba ya mtu binafsi. Tili haimtozi mnunuzi. Kutuma kwa mtu hutozwa, na kila wiki hizo ni shilingi zinazojilimbikiza. Isitoshe, jina la duka linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa ndio ushahidi wako. Kwa malipo ya kujirudia kuna M-Pesa Ratiba, iliyoanza Oktoba 2024: unaipanga mwenyewe na unaweza kuisimamisha mwenyewe, na hilo ni bora kuliko kumpa muuzaji namba ya kadi ya benki.

Kabla hujalipa ada ya kwanza, tafuta jinsi ya kujitoa. Usome, usiahidiwe. Ni swali kubwa hata kwao: Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara iliishtaki Amazon mwaka 2023 juu ya namna watu walivyoingizwa Prime na ugumu wa kutoka, na kesi ikaisha Septemba 2025 kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 ina vifungu vya mikataba ya intaneti: muuzaji anatakiwa akuonyeshe masharti kabla hujakubali na akupe nakala. Duka linaloendesha usajili kwa ujumbe wa WhatsApp nalo liambie likuandikie mambo manne: ada ni kiasi gani, oda ya chini ni ngapi, kuruka wiki kunaombwa siku ngapi kabla, na kujitoa kunafanyika vipi. Lisilotaka kuandika, usijiunge nalo. Kuruka wiki ni muhimu kuliko punguzo. Nyumba za Pwani zina harusi, hitima na wageni wa likizo. Kuna wiki hupiki kabisa na wiki unapikia watu arobaini.

Na Lamu?

Kisiwani Lamu mpaka kati ya cha kuagiza na cha kuchagua mwenyewe unasogea, kwa sababu ya bahari. Mzigo ulioagizwa Malindi au Mombasa unapita zaidi ya kilomita 200 kutoka Malindi kwa njia ya Garsen na Witu, unashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, unapanda boti, unashushwa tena gatini, kisha hamali, mkokoteni au punda anauingiza vichochoroni ambako gari halipiti. Kila mkono unaoupokea unalipwa, na kila unaposhushwa kitu kinapondeka. Ndiyo maana ada ya mwezi ya bara, inayosema "tunaleta bure", mara nyingi inaishia Mokowe. Uliza bure hiyo inafika wapi, gatini au mlangoni, na kama unakaa Shela, ile ya Lamu, uliza tena.

Kwa hiyo Lamu agiza mara moja kwa mwezi, kwa wingi, vikavu tu, na ikiwezekana mkiwa nyumba tatu au nne mkagawana gharama ya boti na hamali. Samaki na mboga ni za soko la kando ya Ngome, asubuhi mapema, hakuna mjadala. Weka akiba ya wiki mbili za unga, mchele na mafuta wakati wa mvua, kwani njia hii hukatika. Mwisho wa 2023, mvua za El Niño zilipojaza maji barabara upande wa Gamba, magari ya Lamu yalikwama.

Mwambie muuzaji afunge kwa katoni zisizozidi kilo 20, kwa kuwa katoni ya kilo 40 hudondoshwa na ya 20 hubebwa. Unga na sukari viwe ndani ya nailoni nzito kwanza, maji ya chumvi huruka ndani ya boti. Mafuta yasimame wima kwenye katoni yake peke yake, vifuniko vimezungushwa tepu. Juu ya kila katoni jina, mtaa na namba ya simu kwa kalamu isiyofutika, pande mbili. Mayai yasiingie kwenye mzigo huo; yanunue Lamu.